Siku Niliyothibitisha Kwamba Moja ni Sifuri

Kwa miaka mitano nilikuwa mtaalamu wa kitu kisichokuwepo. Nasema mtaalamu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekijua kama mimi, na hilo lilipaswa kunitia wasiwasi mapema. Nilikuwa na meza yangu chuoni, kaskazini ya Dallas, dirisha linalotazama maegesho ya magari, na tasnifu ya kurasa mia moja na arobaini iliyojaa nadharia za kupendeza. Kila nadharia ilikuwa kweli. Tatizo lilikuwa dogo tu, kwamba zilikuwa kweli kuhusu hewa.

Walioniuliza ninasoma nini walipata majibu kulingana na uvumilivu wao. Ndugu zangu wa Morogoro niliwaambia kompyuta, maana nikisema hesabu walidhani nimerudia darasa la saba. Majirani niliwaambia hesabu. Wenzangu wa chuoni niliwaambia ukweli, mapindo ya aljebra za kipeo cha pili, na jibu hilo lilikuwa na faida moja kubwa: hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Shuleni tulifundishwa kwamba tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu, tukaamini, tukafaulu. Katika tawi langu mpangilio una maana. Kuvaa soksi kisha viatu si sawa na kuvaa viatu kisha soksi, na x mara y si lazima iwe y mara x. Unakuwa na herufi zako chache, na kanuni zinazosema kwamba ukikutana na yx unaruhusiwa kuigeuza iwe xy, ilimradi uweke namba fulani mbele yake. Kanuni zinagusa herufi mbili kwa mara moja, basi, ndicho hicho kipeo cha pili kinachotisha watu. Halafu anakuja mtu asiye na shughuli, yaani mimi, anazipinda kanuni hizo kidogo kwa kuongeza namba mkiani, moja hapa, moja pale, na kuuliza kama jengo bado limesimama.

Kipimo cha kujua kama limesimama ni kimoja. Unachukua herufi tatu zilizokaa kinyume, zyx, na kuzinyoosha ziwe xyz. Unaweza kuanza na zile mbili za kushoto au zile mbili za kulia. Njia zote mbili lazima zikufikishe mahali pamoja, la sivyo utakuwa umesema kwamba vitu viwili tofauti ni sawa, na jengo litaanza kuporomoka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukifanya nyuma ya risiti ya duka. Mimi, katika tasnifu ya udaktari, ukurasa wa thelathini na moja, nilikifanya kwa sentensi hii: ni rahisi kuona kwamba njia zote mbili zinakutana.

Kwa wasiowajua watu wa fani yangu, niseme kwamba maneno "ni rahisi kuona" hutumika mwandishi akiwa amekagua na kuchoka kuandika, au akiwa hajakagua na anaogopa kujaribu. Msomaji hawezi kujua ni ipi, na hataki kuuliza, maana akiuliza atakuwa amekiri kwamba kwake yeye si rahisi. Msimamizi wangu aliusoma ukurasa huo akaweka alama ya vema. Watahini watatu waliusoma, au walisema wameusoma. Mimi mwenyewe niliandika sentensi ile mwaka wa pili, nikiwa natoka kwenye kesi ya herufi mbili, ambako kila kitu kilikwenda vizuri kwa sababu herufi mbili hazina wa tatu wa kuwagombanisha. Nikasema kwa tatu itakuwa vivyo hivyo. Mwanamke yeyote aliyewahi kukaa nyumba moja na mume na wifi angenionya.

Na kwa nini sikuweka hata namba halisi mara moja, nione kinachotokea? Kwa sababu tulijiona. Ofisini kwetu mfano wenye namba ulikuwa jambo la watu wa uhandisi. Sisi tuliandika q na r badala ya namba na kuzifikiria kwa macho yaliyofumbwa nusu. Miaka mitano, naapa, sikuwahi kuandika mbili mahali pa q.

Shangazi yangu ndiye aliyeniponza, au aliyeniokoa, sijaamua. Anaishi Missouri City, upande wa kusini wa Houston, ni muuguzi wa miaka mingi, na ndiye aliyenipokea nilipokuja kusoma. Ana udhaifu mmoja: hawezi kuona jambo la heri bila kuliundia kamati. Nilipompigia kumwambia kwamba nimepangiwa Ijumaa fulani ya mwezi wa nne kuitetea tasnifu yangu, aliuliza nani amenishtaki. Nilipomweleza kwamba ni mtihani wa mwisho, kwamba ukipita unaitwa daktari, alisema nimwachie. Kabla jua halijazama kulikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu arobaini na mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa Sugar Land anayeuza nyumba, aliyekwisha kuongoza kamati za harusi nyingi kuliko nadharia nilizonazo. Aliendesha jambo langu kama send-off, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi. Sare ilipitishwa, kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Ukumbi ulishikwa kwa Jumamosi, siku moja baada ya mtihani, kwa sababu haikumpitia mtu akilini kwamba mtihani unaweza kuwa na majibu mawili. Keki ingekuwa na umbo la kofia ya mahafali. Kisha wakaamua, bila kuniuliza, kwamba ujumbe wa watu sita utakuja Dallas siku yenyewe kunisindikiza, maana haiwezekani binti akaenda mbele ya wazee wa watu akiwa peke yake kama hana kwao. Mwenyekiti alinipigia kuuliza kama tutahitaji mshenga wa kuzungumza na watahini kabla ya kuanza. Nilimjibu kwamba hapana, wanazungumza wenyewe. Akasema basi yeye atakuwepo tu, tukimhitaji tumwambie.

Kanuni za chuo zinasema utetezi uko wazi kwa umma. Chuoni maana yake ni kwamba hatakuja mtu.

Jumamosi ya kabla ya Ijumaa hiyo niliendesha saa nne barabara ya 45 kwenda Houston kupima gauni. Shangazi alikuwa jikoni na pilau, mimi mezani na kompyuta yangu nikipanga slaidi. Alikuja nyuma yangu na mwiko mkononi, akazitazama kwa muda.

"Sasa mwanangu," akasema, "sisi tuta-drive mpaka huko, tukae saa nzima tunaangalia herufi? Tuwekee mfano mmoja wenye namba. Mmoja tu, na sisi tuseme tumeona."

Nilipumua kama wasomi wanavyopumua wakiombwa jambo la chini yao, nikasema nitaweka. Nikachukua bahasha ya matangazo iliyokuwa mezani na kalamu ya hospitali yake. Nilichagua namba ndogo, kwa huruma. Yx iwe mbili xy na moja juu yake. Zx iwe tatu xz na moja juu yake. Zy iwe mbili yz, bila mkia. Hii ilikuwa familia ileile ya aljebra za tasnifu, ikiwa imevaa nguo za nyumbani.

Nikaanzia kushoto. Nikapata kumi na mbili xyz, na mbili y, na sita z. Nikaanzia kulia. Nikapata kumi na mbili xyz, na mbili y, na z moja.

Nikasema nimekosea kuzidisha, jambo la kawaida kwa watu wa daraja letu. Nikarudia. Sita z upande huu, z moja upande ule. Nikarudia mara ya tatu polepole, nikiandika kila hatua kama ninavyowaamuru wanafunzi wangu waandike, na zile z tano za ziada zilibaki palepale. Sasa, ikiwa sita z ni sawa na z moja, basi tano z ni sifuri, na z yenyewe ni sifuri. Ikiwa z ni sifuri, kanuni yangu ya pili inasema kwamba sifuri ni sawa na sifuri na moja juu yake. Kwa hiyo moja ni sifuri. Na moja ikishakuwa sifuri hakuna kinachobaki, kwa sababu kila kitu ni chenyewe mara moja, na sasa ni chenyewe mara sifuri. Hakuna x, hakuna y, hakuna aljebra, hakuna kurasa mia moja na arobaini.

Nikabadilisha namba. Ikaanguka. Nikabadilisha tena, ikaanguka. Mwishowe nikaacha namba, nikafanya kwa q na r, jambo ambalo lilinichukua dakika nne, dakika nne ambazo sikuwa nazo kwa miaka mitano. Familia yote inaanguka isipokuwa pale q mara r inapokuwa moja. Hapo tu ndipo inasimama. Nikafungua tasnifu ukurasa wa ishirini na mbili, na nilijua nitakachokikuta. Nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu na kwa hiari yangu, kwamba kesi ya q mara r kuwa moja tunaiacha nje kwa sababu haina mvuto. Nilikuwa nimefukuza mpangaji mmoja tu aliye hai, kisha nikakaa miaka mitano nikichora ramani ya nyumba isiyo na mtu.

Shangazi aliuliza kama pilau imekolea chumvi. Nikasema imekolea. Sikuwa nimeionja.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi wangu na bahasha ile. Ni mtu mpole, mzaliwa wa huku Texas, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na aliyetamani kuondoka bila kuacha mwanafunzi nyuma. Alifanya hesabu mwenyewe, kushoto, kisha kulia. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha, akafanya tena. Nilisubiri akasirike. Badala yake alitabasamu, akaniambia kwamba hakuna nadharia yangu hata moja iliyo ya uongo.

Ni kweli. Hili ni jambo zuri sana katika fani yetu, na nawaonea huruma mafundi bomba na madaktari ambao hawanalo. Ukisema kwamba kila tembo aliyeko kwenye friji yako anazungumza Kifaransa, hujadanganya. Nilikuwa nimethibitisha mambo kumi na saba kuhusu tembo wa kwenye friji. Ushauri wake ulikuwa niongeze sentensi moja mwanzoni, "tuchukulie kwamba njia zinakutana," na mzigo wa kuuliza kama zinakutana uwe wa mtu mwingine. Watahini hawatauliza. Ijumaa ipite, kiangazi tuitengeneze taratibu kwenye makala. Alirudia mara mbili kwamba hatakuwepo mtu aliyesema uongo.

Na mimi nilifurahi, nakiri. Nilikuwa nimekwisha kupata kazi ya kufundisha chuo kimoja huko Houston, dakika kumi na tano kutoka kwa shangazi, kwa sharti kwamba shahada iwe mkononi ifikapo mwezi wa sita. Kibali changu cha kukaa nchini kilifungwa kwenye kazi hiyo. Kulikuwa na ukumbi, kulikuwa na keki, kulikuwa na vitenge vya watu arobaini vilivyokwisha kushonwa. Nikaongeza ile sentensi. Ilikaa vizuri pale juu ya ukurasa. Niliisoma mara nyingi Jumanne na Jumatano, na kila nilipoisoma niliiona inapendeza zaidi, kama mtu anayezoea uso wa mchumba aliyechaguliwa na wengine. Ule mfano wa namba niliutoa kwenye slaidi. Nilisema shangazi atakuwa amesahau.

Alhamisi jioni ule ujumbe wa watu sita ulifika, ukafikia DeSoto, kusini ya Dallas, kwa binamu wa mwenyekiti. Nilikwenda kuwasalimu na kunywa chai. Shangazi alikuwa anawasimulia habari za kazini, za muuguzi mpya anayemfundisha. Kule kwao dawa kali kama insulini hukaguliwa na wauguzi wawili. Kila mmoja anapiga hesabu yake peke yake, bila kutazama ya mwenzake, na majibu yakikutana ndipo mgonjwa anachomwa sindano. Huyu mgeni alitazama jibu la mwenzake, akaweka sahihi. Shangazi akamripoti kwa mkubwa wao.

Niliuliza kama dozi ilikuwa na makosa.

"Dozi ilikuwa sawa," akasema. "Ila yeye hakujua kama iko sawa. Ali-sign tu. Sasa kesho na keshokutwa je, na mimi nipo off?"

Wote wakaitikia, mwenyekiti akaongeza sukari, mazungumzo yakahamia kwenye msongamano wa magari wa Dallas. Mimi niliudhika. Nilikuwa nimekuja kunywa chai, sikuja kuhubiriwa na mtu asiyejua kwamba ananihubiria. Niliaga mapema nikasema nakwenda kujiandaa.

Saa nne asubuhi ya Ijumaa chumba cha semina kilikuwa na watahini watatu mezani, msimamizi wangu pembeni, na mstari mzima wa mbele umejaa bluu na njano. Mwenyekiti alikuwa na tai ya kitenge kilekile. Alikuwa amewapa mkono watahini mmoja baada ya mwingine, kwa mikono miwili na kuinama kidogo, na kuwaambia kwamba sisi ndio familia. Pembeni ya shangazi aliketi rafiki yake, mama mmoja wa Kirundi anayefanya kazi hotelini karibu na uwanja wa ndege wa Houston, mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Shangazi alikuwa na daftari jipya na kalamu mbili. Alikuwa ameandika tarehe.

Nilianza vizuri. Sauti yangu ina tabia ya kutulia ninaposema jambo ambalo siliamini. Slaidi ya tano ilikuwa na ile sentensi, tuchukulie kwamba njia zinakutana, na niliivuka kwa kasi ileile niliyoivuka nayo ya nne. Hakuna aliyetikisika. Nadharia ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Msimamizi alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza redio. Nilikuwa katikati ya nadharia ya tatu, na nilikwisha kuanza kuona Jumamosi, shangazi aliponyoosha mkono, kidole kimoja juu, kama tulivyofundishwa shule ya msingi.

"Samahani mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Ule mfano wetu?"

Mtahini wa kutoka chuo kingine, mama mwenye nywele fupi za mvi, aliuliza amesema nini. Nikamwambia kwamba shangazi anaomba mfano wenye namba. Yule mama akaweka kalamu chini na kusema kwamba, kwa kweli, hata yeye angependa kuuona.

Bado ningeweza kujiokoa. Herufi mbili zingetosha. Ningewapa x na y, yx ni mbili xy na moja, kila kitu kingesimama, shangazi angeandika kwenye daftari lake, na tungekwenda kula. Nilichukua chaki nikijua kabisa kwamba hilo ndilo nitakalofanya. Niliandika x. Niliandika y. Nilikuwa na hofu ya mtoto aliyevunja kitu cha watu. Nikamfikiria yule muuguzi mgeni na sahihi yake, na nikamchukia kwa moyo wote. Kisha nikaandika z.

Nilifanya yote, hatua kwa hatua, kushoto upande mmoja wa ubao na kulia upande wa pili. Nilipoandika sita z upande huu, yule mama mtahini alisogeza kiti. Nilipoandika z moja upande ule, alikwisha kuona, nadhani, maana alifumba macho. Nikaandika kwamba z ni sifuri. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi kuliko ilivyohitajika, nikaandika moja ni sawa na sifuri. Nikageuka, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba kitu ambacho tasnifu yangu inakichunguza hakipo, kwamba nilijua hivyo tangu Jumamosi, na kwamba ile sentensi ya slaidi ya tano niliiweka ili wasijue. Sikumtaja msimamizi. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Pakawa kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na nimefundisha hesabu saa mbili asubuhi.

Kisha vikaanza vigelegele. Aliyeanza alikuwa yule mama wa Kirundi, mkimya yule, sauti nyembamba iliyopanda mpaka darini. Shangazi akapokea. Mwenyekiti akasimama na kupiga makofi, na wote sita wakasimama, bluu na njano, wakishangilia ubao ulioandikwa kifo changu. Watahini walitazamana. Mmoja, maskini, alianza naye kupiga makofi kwa adabu.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimejiua hadharani, na watu wangu, kwa kutoelewa hata mstari mmoja, walidhani nimefunga bao. Niliwakasirikia kupita kiasi. Niliukasirikia ule mstari wa mbele wote, na daftari lake, na tai yake. Nikawaza kwamba sasa, juu ya mengine yote, itabidi nitoke nje niwaeleze watu waliosafiri saa nne, kwa lugha rahisi, kwamba walichokishangilia ni msiba.

Tulitolewa nje watahini wajadiliane. Tulisimama kwenye korido na mimi sikumwangalia mtu. Mwenyekiti alitaka kujua kama huu sasa ndio wakati wa mshenga. Baada ya nusu saa na ushee yule mama mwenye mvi alitoka, akanivuta pembeni. Sikupita. Wangenipa mwaka mmoja nirudi na kesi niliyoifukuza, ile ya q mara r kuwa moja, ambayo kumbe ina mvuto wake. Alisema ubao ule ulikuwa kazi safi kuliko chochote kilichomo kwenye kurasa mia moja na arobaini, maneno ambayo sijui kama nimshukuru kwayo. Kazi ya Houston, hilo nilijua bila kuambiwa, haikuwa yangu tena, na wiki iliyofuata waliniandikia barua ya upole kunithibitishia.

Nikawafuata kwenye maegesho. Walikuwa wamesimama kando ya magari, jua la mwezi wa nne likiwapiga. Mwenyekiti aliona uso wangu, akasema kabla sijafungua mdomo kwamba ukumbi haughairishwi, watu watakula, na maneno ya kwenye keki yanaweza kubadilishwa hadi kesho saa sita. Nilikwenda kwa shangazi na nikaanza kwa sauti ya mwalimu, ile ninayoitumia kwa wanafunzi wagumu. Nikamwambia kwamba najua wameshangilia, na nawashukuru, lakini kuna jambo lazima alielewe. Kile nilichoandika mwishoni hakikuwa jibu. Kilikuwa kosa. Nimefeli.

Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, hakuinua kichwa.

"Uliandika moja sawa na sifuri," akasema. "Mimi napima dawa za watu kila siku ya Mungu. Unadhani sijui moja si sifuri?"

Nikamtazama yule mama wa Kirundi. Naye alinitazama. Nikamtazama mwenyekiti, akawa anaikunja tai yake.

"Sasa mlipiga vigelegele vya nini, shangazi?"

Hapo ndipo alipopata alichokuwa anakitafuta, kitambaa cha mkononi, akanishika kidevu kama nina miaka sita.

"Ulikuwa unalia, mwanangu. Umewageukia wale watu unawaeleza, machozi yanakutiririka, na wamekaa tu wanakuangalia, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Tungekaa kimya na sisi?"

Sikuwa na habari kwamba nilikuwa ninalia. Nilikuwa nimekumbuka kila herufi na kila namba ya ubao ule, na hilo sikulijua. Nilisimama pale kati ya magari akanifuta uso, na chaki yote niliyokuwa nimejipaka ikahamia kwenye kitambaa chake.